Kikopo kinachoidanganya pua

Basi lilipofika Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya, abiria walianza kuvaa. Tulitoka Dar es Salaam alfajiri tukiwa na mashati mepesi, na kabla ya Chalinze jasho lilikuwa limeshatulowesha. Sasa ilikuwa magharibi ya mwezi Julai. Masweta yalishushwa kutoka juu ya vichwa vyetu, kofia za sufu zikachomolewa mifukoni, watoto wakaviringishwa khanga juu ya khanga. Mama mmoja wa makamo, siti ya mbele yangu, hakuvaa chochote. Alifungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa kikopo chekundu cha bati kisichozidi sana sarafu ya shilingi mia mbili, akabandua kifuniko kwa ukucha, akachota kidogo kwa ncha ya kidole. Alijipaka kwenye panja zote mbili, akajipaka shingoni, kisha akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka kuzamia pweza.

Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Haikupita dakika, basi zima likawa linanuka kafuri.

"Mama, hiyo ya Kichina?" konda aliuliza.

"Ya Kichina, baba. Umebanwa?"

"Tangu juzi."

"Haya, shika."

Kikopo kilikwenda kwa konda, kikaenda kwa dereva, kikarudi kupitia siti za nyuma kikiwa na mifereji ya vidole vya watu wasiopungua wanane. Najua fika kwamba virusi vya mafua hupenda mikono, na kwamba kugawana kikopo cha namna hiyo ni njia nzuri ya kugawana mafua yenyewe. Kilipofika kwangu, nilichota.

Msomaji wa Tanga au Mombasa atasema baridi ya nini tunayoizungumzia hapa. Pwani wana kipupwe chao, siku za Juni hadi Agosti ambapo mtu hujifunika shuka usiku na asubuhi akasimulia. Huku juu ni kitu kingine. Mji wa Njombe uko kama mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ukipanda zaidi hadi Kitulo, upande wa Makete, kuna asubuhi ambazo sakitu huwa nyeupe juu ya majani na viazi huungua shambani kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Wakenya wa Limuru na Kinangop wanaijua hali hiyo. Katika miezi hiyo kila nyumba ina mtu anayekohoa, pua zinaziba zamu kwa zamu, mifupa ya wazee inauma, midomo inapasuka na visigino vinafanya magaga. Na kila nyumba ina kikopo.

Kikopo cha bibi yangu kilikuwa cha kijani. Hiyo ilikuwa miaka ya 1980 mwanzoni, wakati sabuni tu ilikuwa ya kupangia foleni, na marhamu ya kupaka ililetwa na mjomba aliyeendesha malori ya kuvuka Tunduma. Bibi alikificha ndani ya debe la mbegu za maharage. Usiku, baada ya kande, alitupanga wajukuu watano mbele ya mafiga, mgongo mmoja baada ya mwingine, na kutusugua kwa kiganja kigumu kama gamba la mkaratusi. Kifuani, mgongoni, nyayoni, kisha soksi. Alikuwa na kipimo kimoja tu cha ubora. Alikisogeza kikopo wazi karibu na uso wako na kukutazama machoni. Machozi yakitoka, dawa bado ni nzima. Yasipotoka, mjomba katapeliwa.

Nilipokuja kusoma maandishi ya kile kikopo, nilikuta ni Zam-Buk. Ni dawa ya Waingereza, ilianza kuuzwa mwaka 1902 kutoka mji wa Leeds, ikaenea katika makoloni hadi Australia na New Zealand, ambako watu wa huduma ya kwanza waliokimbia uwanjani mchezaji wa raga akiumia waliitwa kwa jina hilohilo, zambuk. Kumbe jina lililofichwa kwenye debe la maharage la bibi yangu lilikuwa likiitwa kwa sauti viwanjani, upande mwingine wa dunia.

Swali ambalo hatukumuuliza bibi, na ambalo ningepigwa kofi kama ningeliuliza, ni hili: je, kikopo kinatibu?

Jibu fupi ni hapana. Mafua huletwa na virusi, na hakuna virusi aliyewahi kufa kwa kunusa marhamu. Mafua ya kawaida hukaa wiki moja, pengine siku kumi, yakaondoka yenyewe, upake usipake. Jibu refu ndilo lenye utamu, kwa sababu kitu fulani hutokea kweli unapopaka, na wote tunakijua kwa pua zetu.

Ndani ya karibu kila kikopo, chekundu, kijani au buluu, kuna watu walewale: mentoli inayotoka kwenye jamii ya mnanaa, kafuri, mafuta ya mkaratusi, na mafuta ya mgando ya kuwashikilia pamoja. Mentoli ndiyo mjanja wao. Katika mishipa yetu ya fahamu, puani na kwenye ngozi, kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba kumekuwa baridi. Watafiti walivitambua mwaka 2002, na mmoja wao, Mmarekani David Julius, alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021 kwa kazi yake juu ya namna mwili unavyohisi joto. Mentoli hufungua mlango uleule ambao baridi huufungua. Hewa inayopita puani huhisiwa kuwa ya baridi, na ubongo, ambao umezoea kwamba hewa nyingi ikipita pua hupoa, huamua kwamba pua imezibuka.

Haijazibuka. Mtaalamu wa mafua Ronald Eccles wa Chuo Kikuu cha Cardiff, kule Wales, alipima hewa inayopita puani mwa watu kabla na baada ya mentoli. Watu walisema wanapumua vizuri zaidi. Vipimo vikasema hewa ni ileile.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Bibi alikuwa akitupaka baridi ili kutuondolea baridi. Kafuri yenyewe ina ujanja wa pande mbili, kwani huamsha hata vipokezi vya joto, na ndiyo maana mgongo ulikuwa ukipoa na kuchemka kwa wakati mmoja, nasi tukiamini kwamba homa inapigana na dawa na dawa inashinda.

Lakini nisiuchukulie udanganyifu huo kama kitu kidogo. Mtu aliyebanwa mafua usiku hateswi na virusi, anateswa na kukosa usingizi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichapisha matokeo ya watoto 138 wa umri wa miaka miwili hadi kumi na mmoja wenye mafua na kikohozi. Baadhi walipakwa marhamu yenye mentoli, kafuri na mkaratusi, wengine walipakwa mafuta ya mgando matupu, na wengine hawakupakwa kitu. Ili harufu isiwape wazazi jibu, walitakiwa nao wajipake marhamu yenye harufu juu ya mdomo kabla ya kumpaka mtoto. Ujanja huo haukufua dafu, wengi walitambua kilichokuwamo kikopini. Hata hivyo matokeo yalieleweka: waliopakwa marhamu walikohoa kwa nafuu na kulala vizuri zaidi, na wazazi wao pia. Kamasi za kutiririka hazikupungua. Baadhi ya watoto walilalamika ngozi kuwasha. Hayo ndiyo ninayoyadai kwa kikopo, wala sizidishi: usiku mmoja wa usingizi.

Walioyauza mafuta haya walidai makubwa zaidi. Lunsford Richardson alikuwa mfamasia wa Greensboro, Carolina Kaskazini, katika miaka ya 1890, alipoanza kuchanganya mentoli na kafuri kwa ajili ya watoto wenye kikohozi cha kubana koo. Aliita dawa yake kwa jina la shemeji yake, daktari Joshua Vick, na ikaja kujulikana duniani kama Vicks VapoRub. Homa kali ya mafua ya 1918 ilipoua mamilioni ya watu, hapakuwa na dawa, hapakuwa na chanjo, na mauzo ya marhamu yake yakapanda kutoka dola 900,000 kwa mwaka hadi dola milioni 2.9. Watu walikuwa wakinunua harufu, na kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kununua, siwalaumu.

Huku kwetu tulipata pia Tiger Balm, iliyoanzia Rangoon, Burma, kwa mganga wa Kichina Aw Chu Kin. Wanawe wawili ndio waliolipeleka jina mbali. Mmoja wao, Aw Boon Haw, ambaye jina lake lina chui milia ndani yake, alihamishia biashara Singapore mwaka 1926. Mtu wa Pemba akifungua kichupa chake hatasikia ugeni. Humo mna mafuta ya karafuu. Pale Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kuna kiwanda kinachokamua mafuta kutoka kwenye makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zenyewe zikishachambuliwa, na ukipita barabarani siku ya kazi utaijua harufu kabla ya kuliona jengo. Kinachofanya kazi ndani ya mafuta hayo ni yujenoli, ileile ambayo daktari wa meno hutumia kutuliza jino. Kwa kichwa cha mafua au kiwiko cha mzee, ganzi kidogo si haba.

Na kafuri, je? Wazee wa pwani waliiita karafumaiti, kwa sababu mtu aliijua zaidi siku ya msiba, maiti anapooshwa na kutiwa manukato kabla ya sanda. Nina rafiki wa Bagamoyo ambaye hadi leo hawezi kupaka marhamu yoyote ya mafua. "Nikinusa tu," aliniambia, "namwona babu kitandani." Siwezi kumshawishi, na sina sababu.

Jina hilo la karafumaiti linafaa likumbukwe kwa sababu nyingine. Kafuri ni sumu ikimezwa. Katika Vicks ya kawaida imo kwa asilimia 4.8, hivyo kichupa cha gramu 50 kina gramu 2.4 za kafuri, na kwa mtoto mdogo gramu moja imewahi kutosha kuua. Kabla ya kifo huja degedege, tena haraka, pengine ndani ya dakika chache. Kuna marhamu za kuchua ambazo huwa na kitu cha hatari zaidi, mafuta yenye methili salisileti, ndugu wa aspirini: kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo yakiwa safi kina nguvu ya vidonge zaidi ya ishirini vya aspirini. Kwa hiyo ule mtindo wa kulamba marhamu kidogo ili kulainisha koo, ambao nimeuona kwa macho yangu kwa watu wazima wenye elimu zao, ukome. Na kikopo kikae juu, kwa sababu kwa mtoto anayetambaa ni pipi yenye kifuniko.

Kosa langu mwenyewe halikuwa la kulamba. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi minane, mwezi Juni, pua imeziba, hanyonyi vizuri, analia usiku kucha. Mama yake alikuwa amesinzia kwa uchovu. Nikakumbuka bibi. Nikachota marhamu, nikampaka kidogo sana, nikijisifu kwa jinsi ilivyo kidogo, chini ya pua, palepale pumzi inapoingilia. Alinyamaza kwa mshangao, kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena. Kamasi zikaongezeka, macho yakavimba, pumzi ikaanza kukwaruza.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa zahanati. Muuguzi wa zamu alimnusa mtoto kabla ya kumgusa.

"Nani kampaka?"

"Mimi, sista."

"Baba, wewe ungepakwa pilipili puani ungepumua?"

Alimfuta kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akamvua fulana, akaweka saa yake ya mkononi juu ya meza na kutuambia sote tunyamaze. Alikuwa akitazama kifua kikipanda na kushuka, midomo yake ikihesabu bila sauti. Dakika nzima. Nadhani ndiyo dakika ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. "Arobaini na mbili," alisema mwishoni. "Una bahati."

Baadaye nilielewa alichokuwa akikitafuta. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi asiyefikisha mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kwa kichanga wa chini ya miezi miwili, 60. Mtoto awe ametulia, asiwe analia, na uhesabu dakika kamili. Ukiona pia nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usimalize hata kuhesabu, mkimbize hospitali. Hakuna kikopo chenye neno la kusema hapo. Kwa mafua ya kawaida ya mwanangu, muuguzi alinipa matone ya maji ya chumvi ya puani na kuniambia anyonyeshwe mara nyingi kidogo kidogo.

Kilichompata kina maelezo. Mwaka 2009, Bruce Rubin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest walieleza habari ya mtoto wa miezi 18 aliyepata shida kubwa ya kupumua baada ya kupakwa marhamu moja kwa moja chini ya pua. Wakaijaribu kwa feriti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye njia zake za hewa zinafanana na zetu, na kuona kwamba marhamu iliongeza ute na kupunguza mwendo wa vinyweleo vinavyousafisha. Kwa mtu mzima hilo halileti taabu kubwa. Kwa mtoto ambaye njia yake ya hewa ni nyembamba kama mrija wa soda, ute kidogo tu unatosha kuziba. Maabara hiyo, nikuibie siri, iko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Greensboro kwa mzee Richardson.

Basi, chini ya miaka miwili, usipake. Hata ukubwani, si puani, si machoni, si kwenye kidonda. Kifuani, shingoni na mgongoni panatosha, juu yake nguo isiyobana ili mvuke upate njia. Nyayoni na soksi, kama alivyofanya bibi, sijaona ushahidi wowote, ila miguu yenye joto hulala vizuri na sitamnyang'anya mtu soksi zake. Kwa midomo na magaga, mafuta ya mgando matupu yanafanya kazi kuliko mentoli, ambayo hukausha na kuwasha. Na angalia tarehe ya mwisho na namba ya usajili kwenye boksi. Vikopo vya mabasini mara nyingi havina boksi, nami nilichota hivyohivyo, kwa hiyo simhubirii mtu.

Kuna mawili yanayonitia hofu zaidi ya kikopo. Moja ni nyungu. Tangu mwaka 2020, korona ilipotufunika wote chini ya mablanketi na majani ya mkaratusi, mchaichai na malimao, wengine wamezoea kuwaingiza watoto humo. Sufuria ya maji yanayochemka, giza, na mtoto anayehangaika: matokeo yake yako kwenye wodi za majeraha ya moto. La pili ni jiko la mkaa chumbani. Kila msimu wa baridi, Nyanda za Juu Kusini, utasikia familia iliyolala mlango umefungwa na jiko linawaka, na asubuhi haikuamka. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu hata kidogo. Nami huwaza: chumba kile huenda kilinukia marhamu, na pua za waliokuwamo ziliambiwa hadi dakika ya mwisho kwamba hewa ni safi na ni nyingi.

Njombe tulifika saa mbili usiku, ukungu umeshuka hadi kwenye taa za stendi. Bibi sasa amepita miaka themanini, na nyumba yake ina umeme, lakini bado anakaa jikoni kwenye kuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekonda. Hao wa Dar hawakulishi?"

Nikampa sukari, nikampa blanketi, mwisho nikampa kikopo kipya nilichomnunulia duka la dawa la mjini, chenye boksi, chenye namba, chenye tarehe. Alikifungua kwa sarafu. Akakisogeza usoni, akafumbua macho, akasubiri. Moto ulilia kidogo kwenye kuni mbichi. Macho yake yalibaki makavu.

"Hakilizi," alisema. "Hiki cha watoto."

"Bibi, watoto ndio hawatakiwi kupakwa."

Hakunijibu. Alikifunika, akakifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela zake, akanitazama nikipiga chafya mara mbili. Kisha akalifungua tena lile fundo.

"Geuka," akasema. "Vua hilo sweta."

Nina watoto watatu na mvi kidevuni. Niligeuka. Baridi ikanishika mgongoni mara mbili, kwanza ile ya Njombe, kisha ile ya kikopo.